Dalmas Ouma Rading', Aliyepeleka Barafu Nyeri

(19 Machi 1966 – 2 Agosti 2025)

Mwenyezi Mungu, ambaye hutoa pumzi bila kushauriana na mtu na kuitwaa vivyo hivyo, alimwita mja wake Dalmas Ouma Rading' asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025. Kabla udongo wa Asembo haujamfunika, jamaa wameona ni haki maisha yake yasimuliwe jinsi yalivyokuwa, pamoja na pale yalipopinda, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza hivyo. "Msinipake rangi," alimwambia binti yake Sheryl majuma machache kabla ya kufariki. "Mkinipaka rangi, wale watu wangu wa Alhamisi watadhani wamekosea boma, warudi Kisumu." Watu hao wa Alhamisi wamo hapa leo, wameketi upande wa kushoto wa hema, na habari zao zitafikiwa mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Machi 1966 hapa Asembo Bay, Rarieda, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Zacchaeus Rading' na Mama Rosbella Aloo. Alitoka tumboni kifudifudi, ndiyo maana akaitwa Ouma, na mama yake hupenda kusema kwamba mtoto huyo alikuja duniani akiikagua ardhi kana kwamba kuna kitu alichokidondosha. Baba yake alinunua samaki ufukweni na kuwapeleka sokoni. Siku za jua kali nusu ya mzigo iliharibika njiani, na Mzee Zacchaeus aliwafukia samaki hao shambani bila kusema neno, kisha akanawa mikono na kuketi. Dalmas alikua akiijua harufu ya hasara kabla ya kulijua jina lake.

Alianza masomo mwaka wa 1974 katika shule ya msingi ya kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1980. Siku moja mwalimu aliwauliza wanafunzi kila mmoja angependa kuwa nani ukubwani. Wenzake walitaja udaktari, uchungaji na urubani. Ouma alisimama, akasema angependa kutengeneza baridi. Darasa liliangua kicheko, na tangu siku hiyo akaitwa Barafu, jina lililomfuata hadi shule ya upili mjini Bondo alikosoma tangu 1981 hadi 1984. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kisumu, akasomea mitambo ya kupoza, akahitimu mwishoni mwa 1987.

Januari 1988 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha kusindika samaki mjini Kisumu kama fundi wa mashine za barafu. Aliipenda kazi hiyo kwa mapenzi ambayo wanaume wengi huwawekea akiba wazaliwa wao wa kwanza. Lori lililotoka Kisumu alfajiri likiwa limebeba barafu yake lilifika Asembo Bay kabla jua halijakaza, na Mzee Zacchaeus, ambaye sasa hakuwa na samaki wa kufukia, aliwatangazia wanunuzi wenzake pale ufukweni: "Hiyo ni baridi ya kijana yangu. Shikeni muone!"

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Bi. Lornah Akumu, nao wakaanza maisha katika nyumba ya kupanga mtaani Migosi. Siku ya harusi jua lilichoma mno, lakini bwana harusi alikuwa ameagiza mitungi ya barafu kwa ajili ya soda, hata wageni waliokuja kutimiza heshima tu wakakaa mpaka jioni. Mungu aliwajalia watoto wawili: Griffins, aliyezaliwa mwaka wa 1994, na Sheryl, aliyemfuata mwaka wa 1998.

Pombe haikuingia katika nyumba hiyo kwa kishindo. Iliingia kwa njia ya matanga. Ni nadra katika nchi hii ya ziwa mwezi kupita pasipo mtu wa kuzikwa, na mwanamume mwenye mshahara hutazamiwa afike kila penye kilio, akae, ale, anywe na wenzake kwa heshima ya aliyelala. Dalmas alikunywa kwa ajili ya marehemu wa ukoo, kisha kwa ajili ya marehemu wa majirani, kisha kwa ajili ya watu ambao hakuwajua hata majina. Mwishowe hakuhitaji tena marehemu.

Mwezi wa Februari 2014 mashine zilisimama wakati zamu ikiwa mikononi mwake, naye amelala usingizi wa pombe nyuma ya majokofu. Samaki walioharibika walikuwa wametoka Asembo Bay, kwa watu waliomjua tangu akiwa na meno ya utoto, na baba yake alikuwa mmoja wao. Kiwanda kilimwachisha kazi. Mzee Zacchaeus hakumgombeza. Alipoletewa mzigo ule uliooza, aliufukia shambani kama zamani, akanawa mikono, akaketi. Dalmas alikuwa amesimama kando akimtazama, na tangu siku hiyo alikiri kwamba kunyamaza kule kulimuuma kuliko kufukuzwa.

Bi. Lornah alistahimili mwaka mwingine mzima. Mei 2015 aliwachukua watoto akahamia Bondo, akafungua kibanda cha chakula karibu na chuo kikuu. Hakuondoka kwa matusi. Alisimama mlangoni na mzigo wake akasema, "Baba Griffins, nimechoka kukungoja na wewe uko ndani ya nyumba."

Hapo ndipo marehemu alipoanza kutafuta, na safari hiyo ya kutafuta ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Hakutafuta dawa, alitafuta watu. Aliona moyoni mwake kwamba mtu aliyezoea kunywa katika kundi hawezi kuacha akiwa pekee, kwa maana akiacha hubaki hana wa kuketi naye. Alikwenda kanisani, akaitwa mbele, akaombewa. Alikwenda tena, na tena. Kila mara alisimama mbele, kila mara kwaya iliimba, na kila mara Jumatatu ilifika. Ndugu yake mmoja alimletea unga wa mizizi wa kukoroga ndani ya uji. Aliukoroga, akaunywa, kisha akateremshia pombe juu yake. Aliulizia nyumba ya kulaza walevi, akaambiwa ada yake, akashukuru, akatoka. Aliambiwa pia juu ya kundi lililokutana katika hoteli moja mjini. Alifika, akachungulia dirishani, akaona viatu vya waliokuwa ndani, akatazama vyake, akarudi Migosi kwa miguu.

Ikawa amekwenda zahanati kwa ajili ya kidonda kilichokataa kupona, na muuguzi aitwaye Valerie, alipokuwa akimfunga bendeji, akamwambia bila kuinua macho:

"Baba, kuna watu hukutana Alhamisi, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa kanisa hapo hapo Migosi. Usiulize mtu mlangoni. Ingia tu, ukae. Viti watakuwa wamepanga mviringo. Zamu yako ikifika, sema jina yako na shida yako. Hakuna mtu atakucheka."

"Hata nikinuka?"

"Hata ukinuka. Wote walishawahi kunuka."

Alhamisi ya tarehe 6 Julai 2017 Dalmas alioga mara mbili, akavaa shati lake la harusi, akaenda. Ukumbi alioelekezwa aliukuta wazi. Ndani, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mviringo, na juu yake wameketi wanaume kwa wanawake wenye nyuso zilizolegea, macho mekundu, mabega yaliyoshuka kama ya watu ambao hawajalala siku kadhaa. Hakuwa na shaka hata chembe kwamba amefika kwao. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango. Sala ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakijitambulisha kwa zamu.

"Naitwa Antony," alisema mwanamume mnene aliyekuwa kiongozi wa kikao. "Nauza vitunguu Kibuye. Nimechoka, lakini nipo."

Mama mmoja akasema jina lake, naye pia akasema amechoka. Kisha macho yakamgeukia mgeni. Dalmas alisimama.

"Naitwa Dalmas Ouma. Mimi ni mlevi. Nilikuwa fundi ya barafu. Nimeozesha samaki ya baba yangu, nimechosha mke yangu, na sitaki kufa namna hii. Nimewatafuta nyinyi miaka miwili."

Antony alikohoa, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "pole sana. Lakini hapa ni kamati ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

"Ya Ndirangu. Bwana ya huyu mama."

Ndirangu alikuwa mfanyabiashara kutoka Nyeri aliyeuza viazi sokoni Kibuye pamoja na mkewe, Wamucii. Na wenzao waliotoka kwao walikuwa wamekutana kupanga namna ya kuusafirisha mwili hadi nyumbani. Mwenyeji wa ziwa hakutarajiwa hapo. Zaidi ya hayo, ulikuwa mwaka wa uchaguzi, umebaki mwezi mmoja tu, na mjini hata salamu baina ya mtu wa Nyeri na mtu wa Asembo zilipimwa kwanza ndipo zitolewe.

"Huyu ametumwa kutuangalia," mtu mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote.

"Atumwe na nani akinuka hivyo?" akajibiwa, na kicheko kidogo kikapita.

Dalmas alikuwa amekwisha kushika mlango. Ndipo mjane, ambaye tangu mwanzo hakuwa amefungua kinywa, akainua mkono.

"Mwacheni," Wamucii alisema. "Wiki mzima mnaambia watu Ndirangu aliuawa na presha. Nyinyi wote mnajua ni pombe. Mimi nimengoja miaka yote hiyo aseme hayo maneno, mara moja tu, hata kwa sikio yangu peke yangu. Hakusema. Sasa yamekuja na mdomo ya mtu mwingine." Akamgeukia yule mgeni. "Baba, rudi ukae. Sema tena."

Dalmas akarudi. Akasema tena, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka. Wamucii alifuta uso kwa pembe ya leso.

Kamati iliendelea, kwa sababu maiti haingoji. Lakini kamati za mazishi zina sheria moja ambayo kila aliyekulia katika nchi hii anaijua: hakuna anayeketi bure. Shughuli zilipogawanywa, zamu ikamfikia yeye.

"Kila mtu amekalia hizi viti ana kazi," Antony alisema. "Wewe Mzee, ulisema ni fundi ya nini?"

"Barafu."

"Basi maji ya kunywa ya waombolezaji ni yako."

"Haki ya Mungu," akasema yule aliyekuwa amenong'ona, "leo tumepatia mlevi maji!"

Ukumbi ulicheka, naye Dalmas akacheka pamoja nao, na alipokuwa akitembea kurudi nyumbani aligundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipocheka akiwa hajanywa.

Mtu wa Kisumu akitajiwa maji ya mazishi, huwaza jua. Kwa hiyo Dalmas aliwaendea mafundi aliofanya kazi nao zamani, akaomba barafu, akaipakia katika masanduku na kuizungushia maranda ya mbao isiyeyuke njiani. Na Jumamosi ya tarehe 15 Julai 2017 akashuka nayo Nyeri. Nyeri mwezi wa Julai ni ukungu na manyunyu. Waombolezaji walikuwa wamejifunga mablanketi, wakigombania chai, na kila pumzi yao ilitoka kama moshi. Katikati ya watu hao alisimama mwanamume mrefu kutoka Asembo, amevaa shati jepesi la harusi, meno yakigongana, akiwanyoshea vikombe vya maji yenye vipande vya barafu. Wamucii alimwona akiwa ukingoni mwa kaburi. Alitazama barafu, akatazama ukungu, akaanza kucheka; akacheka hata wakwe zake wakadhani huzuni imemshinda akili.

"Baba, umeleta barafu Nyeri?" alisema. "Hata Ndirangu angetoka kwa sanduku akuone!"

Jioni wanaume wa pale walimkaribisha katika nyumba ya jirani kulikokuwa na pombe ya kienyeji ya kumpasha moto. Aliwajibu kwamba hawezi kwenda kwa kuwa ana maji ya kulinda. Hakuna mtu aliyeyanywa maji hayo wala aliyetaka kuyaiba. Aliyalinda mpaka gari lilipoondoka.

Wamucii alibaki kwao hadi msimu wa uchaguzi upite. Dalmas alirudi Kisumu. Kundi ambalo Valerie alikuwa amemwelekeza, ilikuja kujulikana baadaye, lilikuwa limehamia Jumanne na mtaa mwingine, kisha likatawanyika, hakulikuta kamwe. Lakini kila Alhamisi, saa kumi na moja, alikwenda katika ukumbi ule ule, kwa sababu ndipo palipokuwa mahali pekee alipowahi kuyasema maneno yale. Aliketi peke yake. Siku nyingine alifika amekunywa, siku nyingine hakufika. Mtunzaji wa ukumbi, Bwana Wafula, mtu wa Bungoma mwenye maneno machache, alimtazama hivyo kwa majuma kadhaa akiwa ameegemea ufagio wake.

"Mzee, unangoja nani?"

"Wenzangu."

"Wako wapi?"

"Sijui. Bado sijawaona."

Wafula aliutegemeza ufagio ukutani, akavuta kiti. "Basi wacha nikae na wewe. Mimi pia nakunywa, ni vile tu padri hajajua."

Mwezi wa Novemba Wamucii alirejea sokoni, na Alhamisi ya kwanza akatokea mlangoni akiwa na chupa ya chai. Alisema alikuwa amefunga kibanda aende nyumbani, miguu ikamleta huku yenyewe. Alivitazama viti viwili vilivyoelekeana, akauliza, "Na leo mnazika nani?"

"Tunajizika wenyewe, Mama," Wafula alimjibu. "Kidogo kidogo."

Hivyo ndivyo lilivyopatikana kundi ambalo marehemu alikuwa amelitafuta kwa viatu vibovu kote mjini, nalo likaitwa Kamati. Halikuwa na utaratibu mwingine ila ule wa kamati ya mazishi, kwa kuwa ndio pekee walioujua. Huanza kwa sala. Kila mtu husema jina lake na shida yake. Kisha huulizwa, "Wiki hii tunazika nini?" Mmoja husema anazika njia ipitayo mbele ya baa fulani, mwingine rafiki fulani, mwingine siku ya mshahara. Mwishowe kila aliyeketi hupewa kazi, hata awe amefika akiyumba: huyu ataleta sukari, huyu atampitia fulani asubuhi, huyu atapanga viti. Ile ya maji ilibaki ya Dalmas. Antony wa vitunguu alikuja kuona kama viti vya kanisa havivunjwi, akaketi kidogo, naye hajainuka hadi leo. Kulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Mwanachama alipomwambia mwajiri wake, "Naomba ruhusa, nina kamati ya mazishi," aliruhusiwa bila swali, kwa maana ni nani Kisumu atakayemzuia mtu kwenda kuzika?

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Mzee Zacchaeus alipofariki, akazikwa katika boma hili Jumamosi ya tarehe 13 Aprili 2019, vyungu vya pombe vilipikwa kama desturi ilivyo, na Dalmas alikunywa. Alikunywa kwa ajili ya baba yake na kwa ajili ya samaki, akapotea. Ilikuwa baada ya Pasaka ndipo Wamucii na Wafula walipomkuta katika kibanda cha chang'aa karibu na ufuko, amelala juu ya gunia. Hawakumhutubia. Wamucii alichuchumaa kando yake akasema, "Baba Griffins, Kamati imekosa mtu wa maji." Marehemu alisimulia mara nyingi kwamba angeweza kustahimili lawama, kwa kuwa alikuwa na uzoefu nazo; alichoshindwa kustahimili ni kwamba kazi yake ilikuwa imengoja. Aliinuka. Tangu siku hiyo mpaka alipokata roho hakuonja pombe tena.

Bi. Lornah alisikia, hakuamini. Alikuwa amekwisha kuamini mara nyingi. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 2020 alisafiri kutoka Bondo siku za Alhamisi, akaketi karibu na mlango wa ukumbi, mkoba mapajani. Mwezi wa Desemba alirudi Migosi. Yeye mwenyewe husema kwamba hakurudi kwa shangwe; alirudi kwa sababu uchovu wa kukaa mbali ulikuwa umelingana na uchovu wa kukaa karibu, na wa karibu angalau ulikuwa na mtu wa kupika naye chai. Kazi ya kiwandani marehemu hakurudishiwa. Alitengeneza majokofu ya maduka ya Migosi, na siku za joto aliuza barafu mlangoni mwake.

Ini lake halikusamehe kama watu walivyosamehe. Oktoba 2023 lilianza kumsumbua, na madaktari wakasema wazi kwamba deni la miaka ile yote limefika mlangoni. Alilazwa mara kwa mara. Akarudi nyumbani kila mara akiwa mwepesi zaidi mabegani na mzito zaidi tumboni. Tumbo lilipojaa maji, aliwaambia wa Kamati kwamba walimpa kazi ya maji naye ameifanya kupita kiasi. Sheryl alimuuguza akishirikiana na mama yake, na Griffins alikuja kila alipopata nafasi, akamkata baba yake kucha.

Lililomnyima usingizi katika miezi hiyo halikuwa kifo. Yalikuwa ni mazishi yake mwenyewe. Alijua kwamba Kamati nzima itakuja kumzika. Alijua vyungu vya matanga. Alijua mwenyewe jinsi mtu anavyoanguka mbele ya jeneza la ampendaye. Mwezi wa Juni 2025 aliomba wazee wa ukoo waitwe Migosi. Baba yake mdogo, Mzee Gaudencio Okech, aliketi kando ya kitanda, fimbo kati ya magoti, akasikiliza ombi lile mpaka mwisho.

"Mwana wa Rading'," Mzee Gaudencio alisema, "matanga bila pombe ni ya nani? Ya mtoto mchanga? Watu watasema boma yetu imekauka."

"Baba, waacheni waseme. Hao watu yangu wakinywa hapo kwenu, mtazika mimi Jumamosi, halafu mtaanza kuzika wao mmoja mmoja. Utachimba makaburi ngapi na huo mgongo wako?"

"Mgongo yangu si habari yako."

"Sawa. Basi ni hiyo tu nimeomba. Na mnizike Alhamisi."

"Alhamisi!" Mzee alishtuka kuliko alivyoshtuka juu ya pombe. "Nani atakuja Alhamisi? Watu wako kazini!"

Bi. Lornah, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, ndiye aliyejibu. "Watakuja wale amewaita. Wengine wanaweza kuja Jumamosi wapate tumemaliza."

Mzee Gaudencio aliitazama mikono ya mgonjwa iliyolala juu ya shuka. Kisha akainuka kwa kuitegemea fimbo yake.

"Wapewe maji, basi," akasema. "Lakini yawe baridi."

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, akiwa nyumbani Migosi, marehemu alimwomba mkewe kipande cha barafu kwa kuwa kinywa kilikuwa kikavu. Bi. Lornah alimwekea ulimini kwa kijiko. Kabla hakijayeyuka, Dalmas alikuwa amekwenda. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Amemwacha mjane wake, Bi. Lornah Akumu, watoto wake, Griffins na Sheryl, mama yake mzazi, Mama Rosbella Aloo, ambaye sasa anamzika mwana katika ardhi ile ile alimozikwa mumewe, ndugu zake, dada zake na baba yake mdogo, Mzee Gaudencio Okech, pamoja na Kamati ya Alhamisi, ambayo aliomba itajwe miongoni mwa jamaa, si miongoni mwa wageni.

Leo ni Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025. Hakuna chungu kilichopikwa katika boma hili. Mapipa yaliyopangwa kando ya hema ni ya maji, nayo ni baridi. Mzee Gaudencio ameyaonja mwenyewe tangu asubuhi. Kaburi likishafunikwa na watu wakishanawa mikono, viti vya upande wa kushoto vitapangwa mviringo nyuma ya nyumba, saa kumi na moja kama kawaida. Wamucii ataomba, na Wafula atauliza wiki hii tunazika nini. Pengine yupo hapa mtu ambaye ametafuta mahali kama hapo asipaone, au ambaye bado hajajua kwamba anapatafuta. Asiulize mtu yeyote. Aje, aketi, na zamu yake ikifika aseme jina lake. Atapewa kazi. Ile ya maji haina mtu tangu Jumamosi ile.

Dalmas, mwana wa Rading', umetafuta vya kutosha. Lala sasa, na Yule asiyechoka akupokee uchovu wako.